Rozi Ishirini na Tatu

Kabla nifungue mdomo, uniapie. Si kwa Biblia, Biblia watu wa hii ploti wanaapia hata uongo. Apa na hiyo chai unakunywa, ikukwame kwa koo kama hii maneno itafika kwa Wangoi, bibi ya mwenye ploti. Umeapa? Haya, sogea, hii mabati ina masikio.

Ilianza na maji tu.

Unamjua Nelima, si ndio? Mama Ima, yule wa kuuza maua pale Riruta Satellite, kibanda ya kijani karibu na posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Mikono yake imechorwa na miiba mpaka ukimsalimia unafikiri umeshika mswaki. Kwa Nelima Februari ni rozi za wapenzi, Mei ni za kina mama, Desemba ni arusi, na matanga haina msimu, matanga ni kila wiki.

Sasa, siku tatu baada ya Valentine, anafungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi, anapata ndoo zote nne ziko kavu. Si kupungua. Kavu, kama zimepanguswa na kitambaa. Na jana yake jioni alijaza mwenyewe, maji ya kununua kwa jirani yake Nduta. Akapindua ndoo akitafuta tundu, hakuna. Sakafu, hakuna hata tone.

"Nduta," akaita, "wewe umeingia kwangu?"

"Niingie nifanye nini, nioge na miiba?"

Wakacheka. Hiyo wiki Nelima hakucheka tena.

Akajaza ndoo. Asubuhi, kavu. Akajaza. Kavu. Na ndani ya kibanda sasa kuna harufu, si ya maua kuoza, hiyo anaijua. Ni ile dawa ya mochari, ile inachoma pua na inabaki kwa nguo mpaka ufue mara mbili.

Hapo roho yake ikamchapa, kwa sababu alijua kitu alifanya.

Wiki ya Valentine rozi zilikuwa zimepotea sokoni, hata ukibeba pesa kwa gunia. Na yeye alikuwa na shada moja ya matanga, rozi ishirini na nne, nyekundu, za mzee mmoja anaitwa Wanzala, fundi wa mawe aliyejenga nusu ya nyumba za hapa Kawangware. Msichana wake alilipa yote. Siku ya kutoa mwili gari ikatoka mapema, ikaelekea Busia bila shada. Msichana akapiga simu akilia: "Mama Ima, nitumie na basi ya jioni, tafadhali, baba aliipenda rangi nyekundu." Nelima akasema sawa. Jioni akapigiwa tena. Akasema imetoka.

Haikuwa imetoka. Ilikuwa kwa magoti yake na alikuwa anaivunja.

Na watu wa maua wana sheria moja, hata yule mlevi anauza kando ya barabara anaijua: riboni ndio inafungwa ya mwisho, na shada ikishaandikwa jina haivunjwi. Hiyo ni ya mwenyewe. Hata isipochukuliwa, unaiacha inyauke kwa jina lake. Nelima akatoa riboni ya Wanzala akatupa kwa takataka, akapangusa zile rozi, akafunga moja moja na karatasi ya kumetameta. Ishirini na tatu akauza. Ya mwisho akampelekea msichana wake, Immaculate, huyo Ima, miaka tisa, akaiweka kwa chupa ya soda karibu na kitanda.

Ile ringi ya waya ilikuwa imeshika hiyo shada akaitundika kwa msumari, ingoje matanga ingine.

Siku ya nne ya ndoo kavu, Nelima akainua macho akaona ringi si tupu. Maua imedungwa hapo, nyeupe, zake, zile alikuwa amefungia ndani. Zimejaza robo ya ringi, na zimepangwa vile yeye hupanga, kubwa chini, ndogo juu, jani katikati. Akazitoa zote. Kesho yake, nusu. Kesho kutwa, nusu na kitu. Na mchana kweupe, watu wakipita nje, Nduta akipiga kelele na wateja, Nelima ameketi kwa mlango akasikia nyuma yake makasi. Chwa. Chwa. Polepole, kama mtu anakata miti ya rozi na hana haraka. Na makasi ya Nelima ilikuwa kwa mkono wake.

Hakugeuka. Ungegeuka wewe?

Hiyo jioni alirudi nyumbani mapema, akakuta Ima anakunywa maji. Jagi nzima. Akamaliza, akaomba ingine. Mtoto alikuwa amekauka midomo, ngozi imemshika mifupa, na baridi kama chupa. Kliniki wakampima kila kitu, wakasema hakuna ugonjwa, apewe maji tu. Nelima alitaka kucheka na kulia. Na kando ya kitanda ile rozi, siku kumi sasa, ilikuwa mbichi kama imekatwa saa hiyo, na chupa yake haina maji.

Asubuhi akaamka kitanda ya mtoto iko tupu, akakimbia bila viatu mpaka kibanda, akapata kufuli imefungwa vile aliifunga na funguo iko kwa shingo yake, akafungua, na ndani, kwa ile harufu, Immaculate alikuwa amepiga magoti, uso wake wote umeingia kwa ndoo ya maua, anakunywa, anakunywa bila kupumua, na juu ya kichwa yake ile ringi imejaa kuzunguka isipokuwa nafasi ya vidole vinne, na riboni nyeupe imeshafungwa, na kwa riboni kuna jina, na mwandiko ni wa Nelima mwenyewe, ile M yake ya miguu mirefu, jina la mtoto wake.

"Ima," akasema chini chini. "Ima, mama, toka hapo."

Mtoto akainua uso. "Mzee amesema nimshikie maji mpaka maua yake ifike."

Watu wa Mombasa wangeita hiyo jini. Mimi sina jina yake na sitafuti.

Nelima alimbeba mgongoni mpaka Kianda, kwa mzee Shiundu, yule wa kanisa ya ngoma na kanzu nyeupe. Usifikirie mtu wa maajabu. Alimpata anashona kiatu, na mdomo umejaa misumari midogo. Akasikiliza yote bila kumwangalia. Akatema misumari kwa kiganja.

"Ngapi?"

"Ishirini na nne, baba."

"Rudisha ishirini na nne. Hata kama imekauka, hata kama ni kijiti. Jenga hiyo shada upya na umpelekee mwenyewe. Kabla ringi ifunge."

"Baba, nimeuzia mtaa mzima. Nitawaambia nini?"

"Ukweli. Huo ndio ulikushinda mara ya kwanza."

Hapo sasa, wewe, shika mbavu. Kadi zote za Valentine Nelima ndio aliandika, kwa hivyo kwa simu yake alikuwa na orodha ya nani amepelekea nani. Mwanamke akaanza kuzunguka Kawangware kubisha milango akiomba kurudishiwa mapenzi! Mwalimu mmoja akatoa rozi yake kutoka kwa kitabu ya nyimbo, na mume yake amesimama hapo, na si yeye alimpa. Jirani mmoja, Kimotho, akasema yake imeliwa na mbuzi, Nelima akaingia kwa zizi na magoti akatoka na kijiti. Nilicheka mpaka nikakalia sufuria. Lakini yeye hakuwa anacheka, alikuwa anahesabu, na kila akipita kibanda anaona nafasi kwa ringi: vidole vitatu, vidole viwili.

Gerishon, mwenye ploti, alikuwa amenunua mbili. Moja ya bibi yake Wangoi, na Wangoi akaitoa bila maneno. Ingine ilienda mtaa wa Olympic, kwa mwanamke fulani, jina nitakupea mwisho. Nelima akabisha. Akamweleza yote pale mlangoni, na mtoto amelala kwa mgongo yake, anapumua kama karatasi.

"Sijapewa rozi na mtu," yule mwanamke akasema.

"Dada yangu, sitaki kujua ni nani. Ona huyu mtoto."

"Nimesema sijapewa."

Na alikuwa amepewa. Lakini hiyo nyumba ni Gerishon analipa, na Gerishon alishamwambia, siku Wangoi atajua, utalala nje. Akafunga mlango.

Ishirini na tatu, basi, na ile ya Ima ndani. Nelima akang'oa maua yote ya ringi, akajenga upya, rozi kavu na vijiti, akaandika riboni Wanzala, akaacha tundu moja wazi. Wakaenda Busia, yeye na Shiundu na mtoto. Msichana wa marehemu alikuwa hapo. Nelima akapiga magoti mbele yake akasema, "Nilikudanganya. Haikutoka." Yule msichana akaisoma ile riboni. Halafu akashika upande mmoja wa shada, wakaiweka pamoja kwa kaburi. Shiundu akapiga ngoma, akaimba kidogo, akaangalia ile tundu.

"Mtoto ameachiliwa," akasema. "Hii moja mzee atajifuatia mwenyewe."

Ima akaomba maji. Akapewa kikombe. Akanywa nusu akarudisha, akasema ameshiba, na Nelima akakaa chini kwa udongo akalia mpaka kitambaa ikatoka kwa kichwa. Sasa mtoto ako shule, amenona, unaweza kwenda kumwona. Ndoo zinakaa na maji. Nelima amejaza riboni za watu kwa ukuta, shada isipochukuliwa inanyauka hapo, na jina lake.

Unauliza mimi nimejuaje ya huyo wa Olympic? Ni yeye aliniambia. Waithira. Jumanne hii, kwa nyumba yake, ananong'ona kama mimi hapa. Alikuwa ametupa ile rozi mara mbili kwa takataka, mara moja kwa mto, na kila asubuhi inarudi kwa meza, mbichi. Nikamwambia, peleka Busia, mwanamke. Akasema kesho. Hata wiki jana alijiambia kesho.

Aliniambia hii yote bila kuweka chini jagi. Alikuwa anakunywa, anajaza, anakunywa, na midomo yake imepasuka. Halafu akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Aunty," akaniambia, "huko chumbani, unasikia makasi?"