Simu Iliyofichwa Kwenye Soksi

Kila Jumapili, Jussara alipomaliza kuosha vyombo vya mchana, alikwenda kwenye baa ya Dona Zuleide, kusini mwa São Paulo, kusikiliza mashairi. Mwalimu wa shule yake alikuwa amewapa wanafunzi kazi ya kutafiti washairi wa mitaa yao. Baani palikuwa na sharti moja: mtu akitaka kusoma shairi kuhusu marehemu wake, simu zote ziliwekwa kwenye beseni la Tonico kinyozi, aliyekaa mlangoni. Jussara, kwa tamaa ya alama, aliificha yake kwenye soksi.

Hivyo alimrekodi Ednaldo, dereva wa pikipiki, akimtaja kwa jina askari aliyemuua kaka yake. Kesho yake aliwatumia wanafunzi wenzake sauti hiyo. Walimsifu, akavimba kichwa. Sauti ile ikazagaa mtaa hadi mtaa.

Alhamisi askari walimvuta Ednaldo kutoka kwenye pikipiki, wakampiga virungu mpaka mkono ukavunjika. Walimwambia akilitamka tena jina lile, atamfuata kaka yake. Jussara aliposikia alijifungia chumbani.

Jumapili iliyofuata hapakusomwa shairi. Jussara alikuta wanaume wamemzingira Tonico nje ya baa.

"Simu zote zilikuwa kwako, kinyozi. Umetuuza bei gani?"

"Jamani, mnanijua tangu utotoni. Mimi nilikusanya tu."

"Ulikusanya, eh? Basi kusanya na hii."

Ngumi ilimpata mdomoni. Alianguka, mateke yakamfuata mbavuni na kichwani. Mtu mmoja akaokota tofali. Mtaani kwao aliyemchongea jirani kwa askari hakusamehewa, na Jussara alilijua hilo vizuri. Angeweza kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angegundua. Lakini Tonico alikuwa anatema damu na meno.

Alijipenyeza katikati yao, akamlalia Tonico kifuani.

"Mwacheni. Ni mimi niliyemrekodi Ednaldo. Simu niliificha kwenye soksi."

Tofali lilibaki hewani. Aliyelishika alikuwa mjomba wake mwenyewe.

Dona Zuleide alitoka mbio, akampokonya. Ednaldo alimfuata, mkono umefungwa plasta, akapiga magoti na kumfuta Tonico damu kwa shati lake.

"Nisamehe, kaka Ednaldo," Jussara alilia.

"Mimi nimevunjika mkono tu. Muombe huyu."

Jussara alimwomba Tonico msamaha. Tonico alimshika mkono.

"Sikiliza, binti yangu," Dona Zuleide alisema. "Maneno ya mtu ni yake. Ukiyataka, muombe, akikunyima, yaache. Ukweli wako umemwokoa mtu leo, lakini ungeusema Alhamisi, Tonico asingepigwa kabisa. Kesho utawaeleza wenzako hivyo hivyo, waifute sauti hiyo."

Kisha akawageukia wanaume.

"Na ninyi mnaokuja kwangu kupigia mashairi makofi, hamkumwuliza Tonico hata swali moja mkasubiri jibu. Mbebeni hospitali. Wewe mwenye tofali, shika kichwa chake, na ukishike taratibu."