Mlango Mdogo wa Hallowby

Mwezi wa tano mwaka 2012, duka la uchapaji la Sundbyberg, kando ya Stockholm, lilikuwa limefurika wanafunzi wa chuo wanaogombea mashine, na Heshima, aliyesimama kaunta tangu asubuhi, hakuwa na muda wa kumtazama mtu usoni. Ndipo akatokea mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi na koti la kijani lililochakaa viwikoni. Alimwekea mbele kurasa arobaini zisizo na namba.

"Nipangie tu, dada," alisema kwa Kiswahili, akiwa amesoma jina kwenye beji yake.

"Nitapanga namna gani na hadithi yenyewe siijui?"

Basi akamsimulia palepale, foleni ikinung'unika nyuma yake. Aliitwa Zephania, mtu wa Mbeya, mwalimu wa Kiingereza hapo Stockholm, na kurasa zile zilikuwa historia ya shule aliyosoma Uingereza baba yake alipokuwa daktari huko. Hallowby ilianzishwa mwaka 1612 na mjane wa mfanyabiashara wa sufu, kwa ajili ya watoto ishirini wa wafumaji. Iliwahi kuungua, ikajengwa upya, ikachukuliwa na serikali, mwishowe ikapokea na wasichana. Kengele yake ina ufa na hakuna anayekubali ibadilishwe. Watu wake hawajisifu wala hawalalamiki, na mtu akikukosea hakuombi radhi, anakuwekea tu kikombe cha chai mbele yako.

"Hiyo ni shule ama ni gereza?" Heshima aliuliza, na Zephania akacheka hadi wenye foleni wakageuka.

Kesho yake alirudi na vikombe viwili vya chai, akidai kwamba jana alimchelewesha. Hivyo ndivyo walivyoanza. Kiangazi chote walipigiana simu, na kila mazungumzo yalipokwisha Zephania alikata bila kuaga. Heshima alimtania kwamba anakatika kama umeme wa kwao Uvira, Kongo. Yeye alicheka tu, na ili apate kisingizio cha kushinda kaunta pale, aliwashawishi watu wa Hallowby wakichapishe Sundbyberg kijitabu chao cha miaka mia nne.

Mwezi wa kumi shule ilimwita akasaidie maandalizi ya sherehe. Heshima alimsindikiza hadi kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege, amevaa kitenge cha njano chini ya koti zito. Basi lilipofika Zephania alichukua begi, akapanda, akaketi na kutazama mbele. Hakusema neno, hakupunga mkono, hakugeuka. Heshima alibaki amesimama pale mpaka basi lililofuata likamwambia kwa honi asogee.

Kwao Uvira hata aendaye sokoni huaga. Anayeondoka kimya ni yule anayekukimbia. Alirudi nyumbani Alby, akapika ugali, akala bila kuonja ladha yoyote. Binamu yake Hortense alimuuliza kama amelia, naye akajibu kwamba haoni cha kulilia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Simu ilipoita alilitazama jina mpaka likazimika, siku kumi na moja mfululizo. Kisha ukaja ujumbe: shule imempa kazi, anatakiwa kujibu Ijumaa, na kama Heshima anamtaka arudi, aseme neno moja tu. Aliusoma kama anavyosoma tangazo la zamu za kufua nguo katika jengo lao. Hakujibu.

Jumamosi kurasa za mwisho zikawasili kutoka Uingereza. Katikati yake palikuwa na ukurasa mpya, ulioandikwa na wazee waliosoma pale. Ulisema kwamba siku ya mwisho mwanafunzi hutoka kwa mlango mdogo wa nyuma, haagi wala hageuki, kwa kuwa mjane aliagiza hivyo. Anayeaga ameachia nafasi yake, na anayeondoka kimya bado ni wa nyumba hiyo, nafasi yake inatunzwa.

Aliusoma mara mbili. Kisha akapiga simu, wateja wakimtazama.

"Zephania, niko nasoma habari ya mlango mdogo. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Hata sikujua kwamba nafanya hivyo."

"Nilifikiri umenikimbia."

"Nilikuwa narudi, mpenzi. Sikuwaza vingine."

"Basi rudi. Neno lako ndilo hilo."

 Zephania alimweleza kwamba jana alishinda na simu mezani mpaka saa kumi jioni, kisha akatia sahihi. Alisema amewapa watu neno lake, na kwamba amechoka kumpigia mtu asiyepokea. 

"Nisamehe," Zephania akasema.

"Na miye unisamehe."

"Kwaheri, Heshima."

Zephania hakuwahi kulisema neno hilo hata mara moja. Heshima alilielewa sawasawa, akamjibu kwaheri.

Alhamisi vijitabu mia tatu vilikuwa tayari. Heshima hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Aliyasindikiza maboksi mwenyewe hadi kwenye gari la mizigo, mvua ikimnyeshea, na mlango ulipofungwa akasema kwaheri kwa sauti. Dereva, akidhani ameagwa yeye, alimjibu "hej då", kwaheri ya Kiswidi, na kuwasha gari. Heshima alisimama mpaka lilipokata kona, na hapo ndipo machozi yakamtoka, akayaacha.