Aliyemchukulia Somoe Maumivu

Wodi ya watoto ilizoea kunuka dawa na usaha. Siku ile ikanuka udi, wala hakuna aliyefukiza. Asia hakujali, masikio yake yalijaa vilio vya mwanawe. Somoe, mtoto wa miaka sita, aliungua mapaja kwao Ufukoni, mafuta ya korosho walizokuwa wakichoma yalipolipuka. Kila akisafishwa vidonda alilia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake ndiye aliyemshikilia. Nani asingechoka?

Mwaka huo wa 2006 madaktari wageni walileta miwani mikubwa ya kompyuta. Mtoto akiivaa anajiona chini ya bahari kati ya samaki, akili inahama, maumivu yanapungua. Siku hiyo ya udi Nesi Yustina, mtu wa bara, akamvisha Somoe. Mtoto akatulia. Kisha akauliza yule mama anayechana nywele ni nani. Yustina akacheka, akasema humo mna samaki tu.

Asia hakucheka. Mtu wa Pwani anajua: ukimwomba asiyeonekana, unataja kabisa utakachompa, kuku au halua, na unaishia hapo. Lakini uchungu wa mwana ulimtoa akili.

“Uliyemo humo,” akanong'ona, “mchukulie mwanangu maumivu. Nitakupa ukitakacho.”

Vidonda vikapona, Yustina akaisifu miwani. Thubutu! Nyumbani Somoe alijikwaa, kidole kikapasuka, hakulia. Akakanyaga mwiba, hakulia. Hakumkimbilia tena mama yake kwa lolote, na adhuhuri moja Asia akanusa nyama inayoungua, akatoka mbio uani, akamkuta mtoto amefumbata kaa la moto, anatabasamu, anauitikia ukuta kwa sauti ya chini kama anayesimuliwa hadithi.

Akamwita Fundi Sudi, mganga wa Mikindani. Baada ya mafusho, sauti ya mwanamke ikatoka kinywani mwa Somoe, ikakubali kuyarudisha maumivu. Kuhusu ujira wake haikusema neno.

“Yatarudi yote kwa mkupuo, mama Somoe,” Sudi akaonya.

“Yarudi. Akilia nitambembeleza mimi.”

Yakarudi. Somoe akapiga ukelele uliowatoa majirani nje, na Asia akatokwa na machozi ya furaha, ndiyo, furaha, Mungu amsamehe, akapanua mikono.

“Mama!” Somoe akaita, akaja mbio.

Akampita. Akarukia kona tupu, akaikumbatia hewa kwa mikono na miguu, akabaki juu hapo hapo, miguu haigusi chini, kilio kikipungua kidogo kidogo, huku gauni lake likikunjamana na kukunjuka mgongoni, taratibu, kama linavyofanya mtoto anapopapaswa na mama yake.