Matabaka Matano ya Kijani Kando ya Kitanda cha Mjukuu Wangu

Nilimwita mkwe wangu muuaji.

Nilimwita hivyo sebuleni kwake, mchana kweupe, binti yangu akiwa jikoni na mlango uko wazi. Mkononi nilishika kipande cha ukuta kisichozidi ukubwa wa biskuti. Nilikuwa nimekifunga ndani ya leso, na bado harufu yake ilikuwa imenikaa kooni.



Alinitazama, kisha akautazama mlango wa jikoni. Nikasema moyoni, mwone mwenye hatia anavyotafuta pa kutokea.

Wasomaji wangu, ninyi mnaopenda kuandika chini ya simulizi kama hizi kwamba "mama mkwe ndiye tatizo," nawaomba msitangulie. Someni kwanza, kisha mseme mtakayo.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimetumikia wodi miaka thelathini na sita. Masista walionisomesha walinifunza kwamba uchafu haufichwi, huondolewa, nami nimeishi hivyo. Sina uvumilivu na sinki lenye utando wa mafuta, wala na kitambaa cha jikoni kinachonuka.

Binti yangu ana mtoto wa kiume wa miezi kumi na mmoja. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote, naye hunionyesha mapenzi kwa kunivua miwani.

Tangu alipokuwa na miezi mitano, mume wangu huyo alikuwa hapumui vizuri. Kifua kililia kama filimbi iliyoingia mchanga. Dawa zilibadilishwa mara tatu. Kila alipopata nafuu kidogo, alirudi kulala chumbani kwake, na kulipokucha... filimbi ile ile.

Ndiyo maana safari hii nilikuja kukaa mwezi mzima.

Chumba chake ni cha kijani laini, kijani cha jani la mgomba likiwa bado limejikunja. Mkwe wangu alijisifia mara nyingi kwamba alikipaka kwa mikono yake, mke wake akiwa mjamzito. Lakini kando ya kitanda, pale mbao zinapogusa ukuta, rangi ilikuwa imechubuka.

Sikupendezwa.

"Baba," nilimwambia mkwe wangu, "hapa panahitaji rangi."

"Acha tu, mama. Nitashughulikia."

"Lini?"

"Nitashughulikia, mama."

Mwanamume akikujibu hivyo mara mbili, jua kazi ni yako. Nikaenda dukani mwenyewe.

Nilichagua kwenye kadi ya rangi, nikarudi na kopo dogo, nikapaka kipande. Ikiwa mbichi ilifanana kabisa. Ilipokauka ikawa kama maziwa yaliyokatika.

Nikaenda duka la pili, kampuni nyingine, kijani chenye jina lile lile. Ilipokauka ikavuta ubuluu, kama sabuni ya chooni.

Mkwe wangu alisimama mlangoni akitazama.

"Mama, ukuta umekuwa bendera. Umebaki wimbo wa taifa tu."

Binti yangu hakucheka.

"Mama, kwani ni lazima?" aliuliza. "Kitanda si tutakisogeza tu, pasionekane?"

"Mimi sifichi kitu," nilimjibu.

Aliinamisha kichwa akaondoka. Sikujiuliza kwa nini.

Katika duka la tatu nilimkuta mchanganya rangi, mzee mwenzangu, nyusi zake zimejaa vidoadoa vya kila rangi. Nilimweleza masaibu yangu akatabasamu.

"Mama, hapo umepigwa na majina. Jina la rangi ni kama jina la mtoto, kila kampuni inabatiza wake. Usiniletee jina. Niletee ukuta wenyewe, kipande tu."

Nilirudi. Mtoto alikuwa amelala, pazia limefungwa. Nikapiga magoti nyuma ya kitanda na kuingiza ncha ya kisu penye mchubuko.

Nilitegemea kukwangua.

Kisu kilizama.

Kipande kilitoka chenyewe, kinene, cha baridi, chenye unyevunyevu, kama gaga la kidonda kilichofungwa bendeji kabla ya kusafishwa. Nimevifungua vidonda vya namna hiyo kwa miaka mingi. Vidole vyangu vilielewa kabla ya akili yangu.

Nikakitia ndani ya leso na kurudi dukani.

Mchanganya rangi alikikata kwa wembe, akakigeuza ubavu, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakutabasamu tena.

"Tazama hapa, mama."

Kijani, mstari mweusi, kijani, mstari mweusi, kijani... Ungedhani ni keki aliyoioka shetani. Na nyuma yake, upande uliokuwa umeshikana na plasta, kulikuwa na manyoya meusi yenye ute. Ukungu. Ulikuwa umenona.



"Hili tabaka la chini limepakwa kwa rola, taratibu, na mtu asiye na haraka," alisema. "Haya manne ya juu ni brashi, mbio mbio, na ni ya kampuni tofauti tofauti. Aliikosa rangi ya mwanzo, akawa anatafuta inayofanana nayo. Na ana jicho, huyo mtu. Hili la tatu hata mimi ningelipitisha."

"Mtu apake kona moja mara tano kwa nini?"

"Kwani wewe umesema ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Muuguzi."

"Basi unajua watu hufunika nini."

Kisha akaniuliza, "Hapo analala nani?"

"Mjukuu wangu."

Alikiweka kile kipande mezani, akafuta vidole vyake kwenye aproni, kimoja baada ya kingine.

"Mhamishe kwanza, mama. Rangi itangoja."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilimnyanyua mtoto na shuka lake, nikamlaza sebuleni, kisha nikasimama mbele ya baba yake na kulitamka lile neno.

"Umejisifu kwamba chumba ulikipaka wewe," nilimwambia. "Mwanao anavuta uozo huu miezi yote hii, nawe kazi yako ni kununua rangi ya kuufunika. Hata nguruwe hulala mbali na kinyesi chake."

Akautazama tena mlango wa jikoni.

"Jibu, Baba. Ulijua kwamba ukuta umeoza?"

"Nilijua, mama."

"Mungu wangu. Na huoni haya."

"Naona haya, mama."

Nilimkirihi. Nawaambieni ukweli, nilivikirihi hata viatu vyake pale mlangoni.

"Mama, mwache. Si yeye."

Binti yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa povu.

"Yeye alipaka mara moja tu, nikiwa na mimba. Matabaka mengine ni yangu."

"Yako?"

"Yahesabu. Yangu ni mangapi?"

"Manne."

"Na wewe, ukiacha ile safari ya kwanza nilipojifungua, umekuja mara ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole. 

Mara nne.

"Bomba la bafuni linavuja ndani ya huo ukuta," alisema. "Mume wangu alitaka ubomolewe siku ya kwanza tulipoona doa. Nikamwambia angoje, mama anakuja, hawezi kukuta vifusi ndani. Ulipoondoka ukasema utarudi. Basi nikawa napaka, na kila nikipaka najiambia safari hii limekauka."

"Ungeniambia tu, mwanangu."

"Nikuambie wewe?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ulipokuja mara ya kwanza nilikuwa na siku kumi na mbili tangu nijifungue. Hata kukaa nilikuwa siwezi. Ukaingia jikoni, ukavitoa vyombo vyangu vyote kabatini, ukaviosha upya mbele ya mama mkwe wangu. Sahani moja moja. Hukusema neno. Siku ile niliapa hutaona tena uchafu ndani ya nyumba yangu."

"Na kifua cha mtoto?"

"Mwanzoni sikujua, mama. Nilidhani ni kifua cha ukoo. Nilipoanza kushuku... nikaona nimeshachelewa, nitaanzia wapi kusema?"

Povu lilikuwa likidondoka sakafuni. Nililiona, na mara moja nikatamani kitambaa cha kupangusia. Hebu nifikirieni. Mwanangu analia mbele yangu, na mimi natazama sakafu.

Hapo ndipo nilipojikirihi mwenyewe kuliko ule ukungu.

Kesho yake fundi bomba alibomoa. Humo ndani plasta ilikuwa imekuwa uji mweusi, na alipoichota kwa mwiko ilitoa sauti ambayo sitaiandika hapa. Tulitupa godoro la mtoto na mapazia. Ukuta ukaachwa wazi ukauke, plasta tupu, na hakuna aliyetaja kupaka rangi.

Katika wiki ya tatu niliweka sikio langu mgongoni mwa mume wangu akiwa amelala. Hewa iliingia na kutoka kimya. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikaniuma.

Msinielewe vibaya. Binti yangu na mumewe walikosea, na kosa lao lingeweza kuchimba kaburi dogo. Niliwaambia hivyo bila kupunguza neno. Kisha niliwaomba radhi wote wawili, nikianza na mkwe wangu.

"Yameisha, mama," alinijibu. "Ila ungeanza na 'mwizi' kwanza. 'Muuaji' umenirusha madarasa mengi."

Wazazi wenzangu, hasa sisi tuliolelewa kuupiga vita uchafu, sikieni neno la mtu aliyechelewa. Usafi ni jambo jema, nami sitauacha hadi kufa. Lakini mtoto anayekuogopa hasafishi. Anapaka rangi.

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu bila kuulizwa.

"Mama, tulisafiri siku nne, kumbe jokofu lilizima. Nyama yote imeota funza."

 Maneno yangu ya zamani yalikuja mdomoni yamejipanga kama wanafunzi gwarideni. Nikayameza pamoja na mate.

"Asante kwa kuniambia," nilisema.

 Akaanza kunisimulia, kwa furaha kabisa, jinsi hao funza walivyokuwa wanene.