Jiwe la Mrututu Kwenye Kaunta

Mvua ilikuwa imeanza, na agroveti ya Naftaly, duka la dawa za mimea karibu na stendi ya Nakuru, ilijaa wakulima wakisukumana. Jerotich, fundi wa maabara katika shule moja ya upili, alijipenyeza hadi mbele akiwa na koti lake jeupe.

"Boss, nipe mrututu. Ile chumvi ya shaba, ya buluu."

Naftaly, shati la maua na meno meupe, alimtazama vizuri. "Ya nyanya ama ya shule, madam?"

"Ya shule. Na usiniangalie hivyo, nina haraka."

"Haraka ya nini na uzuri wote huo?"

Aliiacha ndoo ya mrututu iliyokuwa wazi mbele ya wateja, akainama kutoa mkebe chini ya kaunta. Jerotich akadhani amependelewa. Ee, moyo!

Basi zikaja simu za kila jioni. "Mwalimu wangu wa rangi, umekula?" Naye Jerotich akayeyusha chumvi ile kwenye maji moto, akaning'iniza uzi, akangoja hadi jiwe la buluu likakomaa, nene kama kidole gumba. Alilipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, lisije likakauka likawa unga, akampa mpenzi wake. Naftaly aliliweka kwenye kaunta, kando ya ndoo. Ilibaki tu aende Rongai, nyumbani kwa kina Jerotich, kujitambulisha kwa wazee.

Kisha babake akapiga simu. Ukungu ulikuwa umemaliza nyanya zote, ingawa alikuwa amepulizia dawa ya mrututu na chokaa vizuri.

"Baba, dawa ulinunua wapi?"

"Kwa huyo kijana wako. Nilitaka kumwona kwanza. Sikujitaja, haifai mzee ajipeleke kwa mkwe kabla mkwe hajabisha kwake. Lakini niliona lile jiwe ulilotuonyesha kwa simu, nikajua nimefika kwa watu wetu."

Jerotich alichukua masalio ya dawa ile, akayapasha moto maabarani. Mrututu wa kweli hukauka ukawa mweupe, na tone la maji huurudishia ubuluu. Hii ilirukaruka ikitatarika, rangi ikaungua ikawa masizi. Chumvi ya mawe iliyotiwa rangi! Akapasha pia ile aliyouziwa siku ya kwanza. Ikawa nyeupe, akaitonea maji, ikawa buluu.

Alilia. Hata hivyo, njia nzima ya kwenda dukani alijiambia Naftaly naye ametapeliwa na aliyemletea.

"Babe! Leo umenikumbuka," Naftaly alisema akicheka.

"Babangu alinunua dawa hapa. Nyanya zimeisha zote."

Kicheko kilikatika. Naftaly akamshika mikono yote miwili. "Woi, Jero. Haki sikujua ni mzee wako. Ningejua, ningempa ile ingine."

 

"Ile ingine," Jerotich alirudia. "Kwa hivyo baba ya mtu mwingine ni sawa."

"Usichukulie hivyo. Wewe nilikupa poa tangu siku ya kwanza!"

"Ulinipa poa kwa sababu ningepima."

Aliitoa mikono yake, akalichukua jiwe kwenye kaunta. Bado alimpenda.

Mama mmoja mwenye gamboti zenye matope aliingia. "Ile buluu ya nyanya iko?"

"Hakuna, mathe," Jerotich alimjibu, akiinua lile jiwe. "Ya kweli ilikuwa hii moja tu, na naenda nayo."