Mboga Isiyoshika Chumvi

Mboga ya majani, hata ukiijaza sufuria mpaka kifuniko kikatae kufunga, ikishapata moto hunywea na kubaki konzi moja. Kavugho alilijua hilo tangu utotoni kwao Butembo, ndiyo maana siku zote alipika nyingi kuliko macho yalivyotaka. Jioni ile haikunywea. Alifunua sufuria akakuta majani yamejaa vilevile. Akachochea makaa, akafunua tena: yamejaa, mabichi, yamesimama ndani ya maji yanayochemka kama vile bado yako ardhini.

Alikuwa amechoka mno hata kushangaa. Tangu alfajiri alikuwa ameinama na kuinuka kwenye ukingo wa kinamasi, chini ya mtaa wa Nateete, akitafuta lengalenga, mnavu na mgagani zinazojiotea pasipo na mwenyewe. Ilikuwa Februari. Kiangazi kilikuwa kimekausha bustani zote, sokoni mboga zimeadimika, na mwanamke anayejua majani ya porini hakukosa wateja. Siku hiyo alikuwa amepenya matete mpaka mahali ambapo hajawahi kufika, akakuta kipande cha ardhi ambacho kiangazi hakikukigusa. Mboga za kila namna zilikuwa zimebanana pale, zinameta. Hakuna ua, hakuna njia ya miguu, hakuna mtu. Alipiga hodi kwa sauti, kama ilivyo adabu. Hakuitikiwa. Akachuma gunia zima, akauza sehemu barabarani kwa watu wanaoteremka kwenye teksi na kukimbilia makwao, iliyobaki akaileta nyumbani.

Mumewe, Bisimwa, alikuwa fundi cherehani, mashine yake ameiweka barazani mwa chumba chao cha kupanga. Alionja tonge la kwanza, akatazama sahani.

"Mama Exaucée, umesahau chumvi."

"Nimetia."

"Hii haina hata kidogo."

Kavugho akaongeza, wakaonja. Akaongeza tena, na tena, mpaka kopo likabaki tupu, na mboga ikawa bado na ladha ya majani matupu na kitu kingine nyuma yake, kama maji ya kisima. Binti yao Exaucée hakujali. Alikula, akaomba aongezwe, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi kulikuwa na cha kumwongeza.

Basi walikula siku ile, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Kila Kavugho aliporudi kule, alikuta pale alipochuma pameota upya. Hakuuliza. Mtu aliyekimbia vita, akapanga foleni za wakimbizi, akafua nguo za watu Kansanga mpaka ngozi ya vidole ikatoka, akipata kitu cha bure hakiulizi kimetoka wapi.

Uchovu ulikuja taratibu. Kwanza walililaumu joto. Wakawa wanaamka wamechoka kuliko walivyolala, magoti yanauma, viganja vimetoka malengelenge. Chumba kikaanza kunuka udongo mbichi, ile harufu inayotoka jembe linapoifunua ardhi, ilhali nje ni vumbi tupu. Kanisani Kavugho alisinzia amesimama, mikono mbele, na mchungaji akamshukuru Roho kwa ajili yake.

Adhuhuri moja alirudi kutoka barabarani na kumkuta Bisimwa amelala juu ya cherehani, shavu kwenye kitambaa. Angemwacha apumzike. Lakini mikono yake haikulala. Ilikuwa inaning'inia chini ya meza na inafanya kazi: mkono wa kushoto unashika, wa kulia unavunja, unashika, unavunja, na ingawa hapakuwa na kitu chochote kati ya vile vidole, kila vilipovunja Kavugho alisikia mlio mdogo wa shina bichi likikatika, pk, pk, pk, bila haraka, bila kukoma, kama mtu ambaye amefanya kazi hiyo siku nyingi na ana siku nyingi bado za kuifanya.

Alimtikisa. Bisimwa alifumbua macho mekundu.

"Niache kidogo," akanong'ona. "Mstari bado haujaisha."

"Mstari gani, Baba Exaucée?"

Bisimwa alitazama vidole vyake. Ncha zilikuwa za kijani.

Saa hiyohiyo mwalimu alimleta Exaucée nyumbani akimkokota kwa bega. Mtoto huyu analala darasani, alisema, na kuna jambo la mikono ambalo linawatisha wenzake. Kavugho alimlaza kwenye mkeka, akatoka mbio kwenda stendi kununua dawa, na alipofika kwenye jiko la Filda, mwanamke wa Kiacholi aliyekaanga chapati pale na ambaye alinunua mboga zake kila jioni, alisimama ghafla. Filda alikuwa amelala juu ya kigoda mbele ya kikaango, kichwa kimeanguka, na mikono yake inachuma, pk, pk, na kila mkono wa kulia uliposhuka ulikuwa unakaribia mafuta yanayochemka zaidi ya mara iliyopita, na kabla Kavugho hajapata sauti ya kumwita, vidole vilikuwa vimeingia ndani, na Filda hakuamka. Aliendelea kuchuma ndani ya mafuta mpaka watu walipomvuta.

Wakati wanamfunga vitambaa, Kavugho alisimama akiwahesabu moyoni wale aliowauzia. Kijana wa boda, anayebeba abiria mchana kutwa. Nesi mwenye mwavuli. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni. Wengine wengi, sura tu, mikono tu iliyopokea fungu na kuondoka. Hakujua majina yao wala wanakokaa.

Jirani yao alikuwa Kulusum, Mnubi, mjane wa askari polisi. Alizaliwa kwenye kambi ya askari na Kiswahili kilikuwa cha nyumbani kwao. Aliingia bila kungoja kukaribishwa, akamwona Exaucée mkekani, akavuta ushungi wake mpaka kidevuni.

"Mmekula nini nyie?"

"Mboga tu. Ya porini."

"Chumvi inashika?"

Kavugho akatikisa kichwa.

"Ya Rabbi," Kulusum alisema kwa sauti ndogo. "Hicho si chakula cha watu, mwanangu. Majini hawali chumvi. Umechuma kwenye shamba la mmoja wao."

"Sisi ni watu wa kanisa, dada Kulusum."

"Na yeye hakuuliza unasali wapi. Ngoja nimwite kaka yangu."

Abdul-Latif alikuja kutoka Kasubi alasiri ile, mwalimu wa madrasa, mtu mfupi mwenye kikohozi, naye pia anaonekana hajalala vizuri tangu mwaka jana. Hakuleta mbwembwe. Aliomba maji, akatia chumvi, akawapangusa wote usoni, akakaa karibu na mtoto na kuanza kusoma. Alisoma muda mrefu. Harufu ya udongo ikazidi mpaka wakawa wanahema kwa midomo, na kuta za chumba zikatoa jasho, na mikono ya Exaucée, iliyokuwa ikichuma polepole, ikaanza kwenda kasi, pk-pk-pk-pk, mpaka haikuonekana tena kama mikono ya mtoto wala ya mtu, kisha ikasimama mara moja.

"Nani?" Abdul-Latif akauliza.

"Mwenye shamba," mdomo wa Exaucée ukajibu.

Haikuwa sauti ya kutisha. Hilo ndilo Kavugho alishindwa kulisahau baadaye. Ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka.

"Unataka nini kwa mtoto?"

"Mikono. Nimelima peke yangu tangu pale pakiwa maji tu. Mgongo wangu umekwisha. Wamekula, na walime."

Kavugho alisogea akapiga magoti. Alijua uchovu ule. Ulikuwa ndani ya mifupa yake mwenyewe.

"Mzee," alisema, "mimi nilipiga hodi. Hukuitika."

"Nilikuwa nimeinama."

Abdul-Latif akamvuta Kavugho pembeni, karibu na mlango. "Usiongee naye, mama; kila neno unalompa ni mlango kwake. Nitawasomea usiku na mchana, na kwa uwezo wa Mungu ataondoka humu. Nyinyi watatu nitawatoa."

"Na wale niliowauzia?"

"Siwaoni. Siwezi kumsomea nisiyemwona."

Kavugho alitazama mlangoni. Huko nje pikipiki zilikuwa zinapita mfululizo na kila moja ilikuwa na mtu nyuma. Alifikiria kulala. Alifikiria usiku mmoja tu wa usingizi wa kweli, jinsi angejinyoosha mkekani na kuachana na kila kitu, na aliutamani mpaka machozi yakamtoka. Kisha akarudi kupiga magoti.

"Mzee, niachie watu. Wote waliokula, wa humu na wa huko. Nitakulimia mimi."

"Kavugho!" Bisimwa alipaza sauti.

"Mwekee mwisho!" Abdul-Latif alisema haraka. "Mwekee mwisho kabla hajakubali! Mwaka wake si mwaka wako!"

"Mpaka mvua ya kwanza," Kavugho akasema. "Siku nitakapolowa kwa mvua nikiwa shambani kwako, tumemalizana."

Midomo ya mtoto ikafunguka.

"Siku utakapolowa," ile sauti ikasema, na Exaucée akakohoa, akaketi, akaomba maji. Mikono yake ilitulia mapajani. Jioni Kulusum alipita stendi akarudi na habari kwamba Filda amelala kwa dada yake, anapiga kelele za maumivu, na mikono imetulia.

Kuanzia kesho yake, jua lilipofika utosini, miguu ya Kavugho ilimchukua yenyewe. Jembe alilikuta kule, mpini wake umelainika kwa viganja vya miaka mingi. Alilima mpaka vivuli viliporefuka. Hakumwona mtu, lakini katika mstari wa pili udongo ulikuwa unapinduka sambamba na wake, na mara nyingine alisikia pumzi nzito ikisimama kidogo, ikikohoa, ikiendelea. Bisimwa alimfuata kila siku na kusimama kwenye matete. Abdul-Latif alikuwa amemkataza kabisa kuingia: atakayekanyaga bila kualikwa naye ni mikono. Kwa hiyo alisimama tu, akiwa ameshika chupa ya maji asiyoweza kuifikisha.

Kavugho akakonda. Akaacha kuongea. Usiku alilala kama aliyezimia, na Exaucée alizoea kumpaka mafuta viganjani akiwa usingizini. Februari ikaisha. Machi ikaanza na mawingu yaliyokuja kila siku na kuondoka, na Bisimwa akawa anayatukana kwa Kishi, lugha ya mama yake.

Kisha siku moja upepo ukaleta baridi, mbingu juu ya kilima cha Rubaga ikawa nyeusi, na mvua ikashuka. Watu wa Nateete walitoka nje na ndoo na masufuria. Watoto walivua nguo wakakimbia matopeni. Bisimwa, pale kwenye matete, aliinua uso akacheka kwa sauti, akalowa mpaka mifupa, akapiga kelele, "Mama Exaucée! Imenyesha! Toka, imenyesha!"

Akafuta maji machoni akatazama, na kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha mbele yake na nyuma yake na kote kule bondeni, lakini ilipofika kwenye ukingo wa shamba ilikuwa imesimama wima kama pazia, na ng'ambo ya pazia hilo jua lilikuwa linawaka, vumbi linatimka, na mkewe ameinama katikati ya mistari, kavu, nguo kavu, nywele zina vumbi, anainua jembe na kulishusha, na hakuinua kichwa hata kutazama, kama mtu ambaye alikwisha jua.

Bisimwa alisimama pale kiasi cha kuvuta pumzi chache. Alifikiria katazo la Abdul-Latif, na Exaucée aliye peke yake chumbani. Akavua shati lake lililojaa mvua, akalikunja kifuani ili lisipoteze tone, akaingia.

Joto lilimpiga. Udongo ukamshika miguu, laini, kama unaoomba akae. Kutoka mstari wa pili kitu kikaacha kulima na kugeuka kumtazama, alihisi hivyo mgongoni, lakini hakugeuza shingo. Alimfikia mkewe, akalinyoosha shati juu ya kichwa chake, akalikamua kwa nguvu zote za mikono ya fundi.

Maji yakamshukia Kavugho nywelani, usoni, shingoni, yakaingia ndani ya blauzi.

"Hii ni mvua," Bisimwa alisema, akilia, akiielekea ile mistari isiyo na mtu. "Ni ya kwanza, ni ya leo, na amelowa. Amelowa shambani kwako."

Jembe likamtoka Kavugho mikononi. Mboga zote zikalala upande mmoja kwa pamoja, ingawa hapakuwa na upepo.

Bisimwa hakungoja. Alimbeba mgongoni kama mtoto, alikuwa mwepesi kiasi cha kuogofya, akatoka naye akikimbia mpaka pazia la mvua likawapokea. Kavugho alifungua mdomo akanywa. Nyuma yao, kule kwenye jua, jembe liliokotwa. Walilisikia likianza tena, ndu, ndu, taratibu, na kati ya pigo na pigo kikohozi cha mtu mzima aliyebaki peke yake na kazi yote.

Kavugho aliegemeza shavu kwenye bega la mumewe. Alikuwa nusu usingizini, na lilimtoka kabla hajalifikiria, kama linavyomtoka mtu yeyote mwenye adabu anayempita mtu kazini.

"Pole, Mzee."

Bisimwa akamziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yao, jembe likanyamaza.