Maziwa Ndani ya Sweta

Kulipopambazuka Mbinya alikuwa mtoni na mama yake, Kavata. Mto ulikuwa umekauka. Watu walichimba mashimo kwenye mchanga, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayateka kidogo kidogo kwa kibuyu. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu ya Kavata ilipofika, jua lilikuwa limeshapanda na kengele ya shule ilikuwa imeshalia.

Maji waliyopata yalijaza mtungi mmoja tu. Hayo yalikuwa ya nyumbani.

Shuleni kila mtoto alitakiwa kuja na kidebe cha maji. Asiye na maji alirudishwa kwao. Kwa hiyo mtoto alikosa maji, akakosa na masomo pia. Sheria hiyo haikuwa na akili, lakini hakuna mzazi wala mwalimu aliyeisema vibaya.

Siku hiyo Mbinya alijipenyeza darasani bila kuonekana. Saa ya mapumziko watoto waligawiwa maziwa ya shule. Wenzake walikata pembe ya pakiti wakanywa. Mbinya aliingiza yake ndani ya sweta.

"Mwalimu! Mbinya anaficha maziwa!" alipiga kelele Muli, mvulana wa dawati la nyuma. "Anaenda kuyauza mjini Emali!"

Darasa zima likacheka.

Mwalimu Mutindi alikuwa na fimbo mezani. Hakuigusa. Alimwita Mbinya nje, wakasimama kivulini.

"Maziwa ni ya nani?"

"Ya Kilonzo."

"Kilonzo ni nani?"

"Mdogo wangu. Hajaanza shule. Yeye hapewi."

"Na jana mlikula nini?"

Mbinya aliangalia vidole vyake vya miguu. "Uji. Wa maji mengi." Kisha akasema haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu, "Jumamosi naenda Emali kulea mtoto wa Mama Wahome, yule wa duka. Baba amesema sitarudi shule."

Jioni hiyo mwalimu alienda nyumbani kwa kina Mbinya. Hakwenda peke yake. Alimchukua Mbula, mama mwenye sauti kubwa aliyekuwa kwenye kamati ya shule. Mbula pia ndiye aliyeongoza mwethya wa kijiji, yaani kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu.

Walimkuta baba Mbinya, Mutie, amekaa mlangoni kwenye kiti cha mbao. Mguu mmoja ulikuwa umenyooshwa mbele.

"Mwalimu, kama umefuata maji, hapa hakuna," alisema.

"Hata kiti hatupewi?" aliuliza Mbula.

"Wewe Mbula unataka kiti? Kuku wangu ulimchukua huku ukiimba. Leo umekuja kuchukua jogoo?"

"Mlikosa kazi ya mwethya tena na tena, na hamkusema neno. Asiyekuja anatozwa kuku. Si ni sheria yetu sote?"

"Ningekuja na huu?" Mutie alipandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. "Gunia liliniangukia Emali tukishusha mizigo ya lori."

Mbula alichuchumaa akaligusa goti hilo kwa kidole. Kisha akasema:

"Mutie, wewe ni mjinga. Mgonjwa hatozwi kuku. Shamba la mgonjwa ndilo linalolimwa kwanza. Hiyo pia ni sheria, na wewe unaijua."

"Naijua. Sikutaka mlime shamba langu na mimi nimekaa hapa kama gunia."

"Akanikataza hata nisiwaambie," alisema Kavata kutoka jikoni. "Akaniambia, ukiniaibisha utanitambua. Haya, sasa nimewaambia. Nitambue!"

Mbula akacheka. Mutie naye akashindwa kujizuia, akacheka kidogo. Lakini alipomtazama mwalimu, uso wake ulikunjamana tena.

"Mtoto akienda Emali atakula, Mwalimu. Hapa atakula nini?"

"Atakula, ndiyo. Na Kilonzo akikua, utampeleka duka gani?"

Mutie aliangalia goti lake.

"Sikuja kukulaumu," alisema Mwalimu Mutindi. "Hata sisi walimu tumekosa. Mbinya alikuwa akifika wa kwanza. Akaanza kuchelewa, akaanza kusinzia. Tuliona. Badala ya kumuuliza, tukamrudisha nyumbani kwa sababu ya kidebe cha maji. Mtoto akibadilika hivyo, nyumbani kuna jambo. Tungekuja mapema, hata kuku angekuwa hapa."

"Kuku nitamrudisha," alisema Mbula. "Bado yuko. Hatujamla."

"Na kesho Mbinya aje bila maji," mwalimu aliendelea. "Huo mguu uende zahanati. Mbula ana mkokoteni na punda. Na kamati imekubali shule ianze kupika isyo saa sita." Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. "Kila mzazi ataleta nafaka, au kuni, au kazi."

"Nafaka sina."

"Hiki kiti ulichokalia kilitengenezwa na nani?"

"Na mimi."

"Tuna madawati yaliyovunjika yamejaa stoo, na watoto wanakaa chini. Kazi hiyo unaifanya umekaa."

Mutie alimtazama kwa jicho kali. "Hiyo ni kazi au ni huruma?"

"Ni kazi. Ukipigilia msumari vibaya nitakurudishia dawati."

"Msumari wangu haurudishwi," alisema Mutie.

Jumamosi Mama Wahome alifika kutoka Emali kumchukua Mbinya. Alimkuta Mutie uani, goti limefungwa bendeji, dawati la shule limepinduliwa mbele yake. Shambani watu wa mwethya walikuwa wakifukua mitaro ya matuta, wakiimba.

"Mama Wahome, nisamehe kwa safari," alisema Mutie. "Mtoto haendi. Anasoma."

Mama huyo alitazama dawati, akatazama shamba. "Ungenitumia habari, baba Mbinya. Haya, nitatafuta mtu mzima. Hilo dawati linauzwa?"

"La serikali hilo. Lakini nikimaliza, nitakutengenezea meza ya duka."

Mvua iliponyesha, matuta yalishika maji na mahindi yakakomaa. Goti la Mutie lilipona polepole, na meza yake ikasimama dukani Emali. Kamati ilifuta sheria ya kumrudisha mtoto asiye na maji. Mtoto alipoanza kukosa shule, mwalimu wake aliuliza wiki hiyo hiyo, na hakungoja mwisho wa muhula. Wazazi nao walijifunza kusema. Ukifunga mlango njaa ikiwa ndani, majirani na walimu hawawezi kuiona. Wewe ndiye wa kuwafungulia.

Muhula uliofuata, siku ya maziwa, Mbinya alikata pembe ya pakiti yake akanywa yote mpaka pakiti ikatoa sauti. Kisha akaona mkono wa Muli ukiingia polepole ndani ya sweta.

Mbinya hakupiga kelele. Alitoka, akaenda kumwita mwalimu amuulize Muli kivulini, kama alivyoulizwa yeye.